AMANA YA MTU ALIYE KARIBU NA KUFA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuhuisha na Mwenye kufisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa Utume, na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, mlio msikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tumekusudia kusema juu ya amana moja ambayo kila nyumba itaikabidhi au itakabidhiwa siku moja, nayo ni amana ya mgonjwa aliyelazwa kitandani, asiye na nguvu ya kuinuka wala kujitetea, naye ameiweka roho yake baada ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa tabibu na muuguzi. Tutaeleza haki za mgonjwa huyo, kisha tutataja mambo mawili yaliyotokea Uingereza katika zama zetu, kisha tutaeleza yatupasayo sisi.

Katika Suratul Maida, kuanzia aya ya 106 mpaka ya 108, Mwenyezi Mungu ametufunza namna ya kushuhudia wasia wa mtu aliyefikiwa na mauti. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) sababu ya kuteremka kwake. Mtu mmoja wa ukoo wa Bani Sahm alisafiri pamoja na wenziwe wawili, Tamim Ad-Dari na Adi bin Baddaa, na wakati huo Tamim alikuwa bado hajasilimu. Yule Msahmi akafia njiani, katika nchi isiyokuwa na Mwislamu hata mmoja. Waliporudi na mali yake, jamaa zake walilikosa bakuli la fedha lililonakshiwa kwa dhahabu. Mtume (s.a.w.) akawaapisha wale wawili. Baadaye bakuli likaonekana Makka, na waliokuwa nalo wakasema kuwa wamelinunua kwa Tamim na Adi. Hapo watu wawili katika jamaa wa maiti wakasimama, wakaapa kuwa ushahidi wao ni wa haki zaidi, na bakuli ni la mtu wao.

Tuyazingatie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, Qur'ani haikuliona bakuli la maiti kuwa jambo dogo, kwa sababu anayemdhulumu mtu wakati wa kufa kwake amemdhulumu mtu asiyeweza kurudi kudai haki yake. La pili, kiapo kilichokwisha kuapwa hakikuufunga mlango wa haki. Ulipodhihiri ushahidi mpya, shauri lilifunguliwa upya, na jamaa wa maiti wakasikilizwa. Basi ikiwa hayo ni kwa ajili ya bakuli, itakuwaje kwa roho ya mtu?

Ndugu Waislamu, mgonjwa anapomkabidhi tabibu nafsi yake, anamkabidhi mambo manne.

La kwanza ni mwili na uhai wake. Katika Suratul Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ameihesabu nafsi moja iliyouawa bila ya haki kuwa sawa na kuua watu wote, na nafsi moja iliyookolewa kuwa sawa na kuwahuisha watu wote. Hakubagua baina ya kijana na mzee, wala baina ya mwenye siha na yule aliyebakiwa na siku chache. Siku moja ya mtu wa miaka tisini ni mali yake. Huenda ndiyo siku atakayotubia, au atakayomsamehe ndugu yake, au atakayotamka shahada.

La pili ni ridhaa yake. Katika maradhi ya mwisho ya Mtume (s.a.w.), watu wa nyumba yake walimtia dawa kinywani, naye akiwaashiria wasifanye hivyo. Wakadhani kuwa ni kule kuchukia dawa kwa kawaida ya wagonjwa. Alipopata nafuu aliwalaumu kwa kuwa alikwisha kuwakataza. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.). Waliofanya hivyo walimpenda Mtume kuliko nafsi zao, na hata hivyo walilaumiwa. Basi udhaifu wa mgonjwa haumwondolei haki ya kuulizwa.

La tatu ni ukweli na siri yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu anayetakwa shauri ni mtu aliyeaminiwa. Tabibu anayejua kuwa maradhi ni makubwa, akamficha mgonjwa mpaka akafa bila ya kuandika wasia wala kulipa deni, amemnyima jambo ambalo sharia imelisisitiza. Asemwe ukweli kwa upole, kwa kadiri ya moyo wake, na siri za maradhi yake zisitangazwe sokoni.

La nne ni mali yake. Wanachuoni wa Fikihi wameweka mlango maalumu wa maradhi ya mauti. Zawadi anayoitoa mtu katika maradhi aliyofia huhesabiwa kama wasia, haipiti thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi. Asili ya thuluthi ni hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.), ambaye Mtume (s.a.w.) alimtembelea akiwa mgonjwa, naye akataka kuitoa mali yake, akazuiliwa asizidishe thuluthi. Hekima yake iko wazi. Mtu aliye dhaifu huegemea mkono ulio karibu naye, na mkono ulio karibu naye waweza kuwa wa mwenye tamaa.

Sasa na tuitazame habari ya kwanza. Katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, palikuwa na tabibu aitwaye Harold Shipman. Alikuwa akiwatembelea wazee majumbani mwao, na watu walimpenda kwa kuwa hakuona tabu kuwaendea. Tarehe 31 Januari 2000 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwaua wagonjwa wake 15, wote wanawake. Uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Jaji Janet Smith ulieleza katika ripoti yake ya mwaka 2002 kuwa aliowaua ni 215, wengi wao wanawake wazee. Aliwadunga dayamofini, dawa kali ya maumivu. Nyingine aliipata kwa kuandika maagizo kwa majina ya wagonjwa, na nyingine aliichukua katika dawa zilizobaki za watu waliokufa kwa saratani. Dawa iliyotengenezwa kumpumzisha mtu anayekufa, yeye aliifanya silaha.

Huenda mtu akauliza: Wako wapi walinzi? Jawabu ni kuwa kila mlinzi alimtegemea mwenziwe. Katika mwaka 1976 tabibu huyo alihukumiwa kwa kughushi maagizo ya dawa aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Akatozwa faini, kisha akarudi kazini. Aliwaua wagonjwa, na yeye mwenyewe akatia sahihi vyeti vya vifo vyao. Kwa maiti za kuchomwa moto ilihitajiwa sahihi ya tabibu wa pili, na sahihi hiyo ikawa ni ada tu, ikitolewa kwa kumwamini mwenzao. Machi 1998 tabibu mmoja mwanamke wa hapo mjini alitoa habari kuwa vifo vya wagonjwa wa Shipman vimezidi kiasi. Polisi walichunguza kijuujuu, wakaona hakuna neno, na baada ya hapo watu watatu zaidi wakauawa.

Lililomfichua ni lile lile la bakuli la fedha. Katika mwaka huo huo wa 1998 bibi mmoja mzee alikufa, ikatokea karatasi ya wasia inayompa tabibu mali yake yote, nayo ilikuwa inakaribia paundi 400,000. Binti yake, aliyekuwa mwanasheria, akaitazama karatasi ile na akajua kuwa mama yake hakuiandika. Maiti ikafukuliwa, dawa ikaonekana mwilini, na uwongo wote ukaporomoka. Binti mmoja aliyekataa kunyamaza alifungua shauri ambalo ofisi nyingi zilikuwa zimelifunga. Tabibu yule alikufa gerezani Januari 2004.

Habari ya pili ni ya namna nyingine, na yataka uangalifu zaidi. Kusini mwa Uingereza, katika mji wa Gosport, ipo hospitali iitwayo Gosport War Memorial. Wazee walipelekwa huko, na wengi wao hawakupelekwa kufa, bali kupumzika na kupata nguvu baada ya kuvunjika nyonga au baada ya maradhi mengine. Juni 2018 jopo huru lililoongozwa na Askofu James Jones lilitoa ripoti kuwa baina ya mwaka 1989 na mwaka 2000 maisha ya watu 456 yalifupishwa kwa dawa kali za jamii ya afyuni, walizopewa bila ya sababu ya kitabibu, na kwamba huenda walikuwapo wengine wapatao 200. Dawa hizo zilitiwa katika pampu ndogo za sindano zinazoingiza dawa mwilini mchana na usiku, na mgonjwa akalala usingizi asiamke.

Ndugu zetu, hapa lazima tuseme kwa uadilifu. Ripoti ya jopo si hukumu ya mahakama. Waendesha mashtaka walikwisha kuamua huko nyuma kutomshtaki mtu yeyote, na mwaka 2019 polisi walifungua uchunguzi mpya wa jinai. Sisi hatumwiti mtu muuaji ambaye hakimu hakumhukumu. Lakini lipo jambo lisilohitaji hakimu, nalo ni kuwa wapo waliosema wasisikilizwe. Katika mwaka 1991, miaka saba kabla ya jamaa wa marehemu kwenda polisi, wauguzi wa hospitali hiyo walieleza wasiwasi wao juu ya dayamofini na zile pampu. Walifanywa kuwa wao ndio wenye kuleta matata, na jambo likafukiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa Gosport uligharimu mamia ya roho.

Tofauti ya habari hizi mbili ni funzo kwetu. Ya Hyde ilikuwa ni nia mbovu ya mtu mmoja aliyejificha nyuma ya heshima ya kazi. Katika ya Gosport, ripoti ilionyesha mazoea ya wadi nzima: mmoja anaagiza, wa pili anadunga, wa tatu anatoa dawa dukani, wa nne anasimamia, na wote wanaona kuwa ndivyo kazi ilivyo hapa. Khiyana ya namna ya kwanza ni nadra. Namna ya pili yaweza kuingia popote ambapo mzee huhesabiwa kuwa ameshakufa kabla hajafa.

Sasa tueleze hukumu za mambo ambayo watu huyachanganya, nasi huulizwa mara kwa mara.

Je, inafaa kumwua mgonjwa kwa kumhurumia? Haifai kabisa, hata akiomba mwenyewe. Mtume (s.a.w.) alisimulia habari ya mtu wa umma zilizotangulia, aliyekuwa na jeraha, akashindwa kusubiri, akajikata mkono, damu isikome mpaka akafa, na Mwenyezi Mungu akamharimishia Pepo. Imam Bukhari ameipokea. Ikiwa mwenye nafsi hana ruhusa ya kuiharakisha roho yake, mtu mwingine ataipata wapi?

Je, inafaa mgonjwa kupewa mofini, nayo inalevya? Inafaa. Wanachuoni wamesema kuwa dharura huhalalisha yaliyokatazwa, kwa kadiri ya dharura hiyo. Maumivu ya saratani ni dharura, na kumwacha mtu apige kelele usiku kucha na dawa ipo ni dhulma nyingine. Tabibu mjuzi huanza na kipimo kidogo, humtazama mgonjwa, kisha huongeza kwa kadiri ya maumivu. Kwa jirani zetu wa Uganda, tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa Uganda limewahudumia wagonjwa wa namna hii kwa mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiagiza. Basi msiiogope dawa kwa sababu ya uovu wa Hyde. Kisu kilichoua hakiharamishi visu vya jikoni. Kinachopambanua ni nia, ujuzi na kipimo.

Je, kuondoa mashine ya kupumulia ni kuua? Baraza la Fikihi la Kiislamu la kimataifa, lilipokutana Amman Oktoba 1986, lilikata kuwa mtu ambaye ubongo wake wote umekoma kufanya kazi, na matabibu wataalamu wakahukumu kuwa hautarudi, inafaa kumwondolea mashine, ijapokuwa moyo wake ungali unapiga kwa nguvu za mashine hiyo. Huko si kuua. Ni kumwacha aliyekwisha kufa aende. Lakini hukumu hiyo ni ya wataalamu kwa masharti yake. Si ya mtu mmoja aliyechoka au anayekitaka kitanda.

Na tabibu aliyejitahidi, mgonjwa akafa, ana dhima? Ikiwa ni mjuzi, amepewa idhini, na hakufanya uzembe, hana dhima juu yake, kwani ajali iko kwa Mola. Ama anayejitia utabibu na hali hajulikani kwa utabibu, Mtume (s.a.w.) amemfanya kuwa mdhamini wa madhara anayoyaleta, kama ilivyopokewa na Abu Daud na wengineo.

Ndugu Waislamu, tumesikia yote hayo. Je, tuwachukie matabibu? La, hasha! Usiku huu huu, muuguzi mmoja atakesha na mgonjwa asiye wake, kwa mshahara mdogo, na watu mia hawatalijua jina lake. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza kudhaniana vibaya, na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuifuata. Mtu akifiwa, moyo wake hutafuta wa kulaumiwa. Kumtaja tabibu kwa ubaya barazani, au kumtangaza katika simu kwa watu elfu, bila ya ithibati, ni dhulma itakayoulizwa. Lakini kunyamaza penye ithibati ni kuficha ushahidi, na Suratul Baqara, aya ya 283, imeueleza moyo wa mwenye kuuficha kuwa ni wenye dhambi. Njia ya haki iko baina ya mawili hayo, nayo ni hii.

Kwanza, mgonjwa wenu asiachwe peke yake. Mgawane zamu. Kumtembelea mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na ndani ya haki hiyo umo ulinzi. Wagonjwa wa Hyde walikuwa wengi wao wakiishi peke yao.

Pili, ulizeni kwa adabu: Dawa hii yaitwaje? Kipimo chake ni kiasi gani? Nani ameiagiza, na kwa sababu gani? Kisha andikeni tarehe na saa. Suratul Baqara, aya ya 282, imetuamrisha kuandika hata deni dogo; basi dawa ya roho haikosi kuandikwa. Tabibu mwaminifu hachukizwi na swali, bali hulifurahia.

Tatu, wasia uandikwe mapema, mtu akiwa na siha yake, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na wala asiwe shahidi yule anayerithishwa kwa wasia huo au anayemhudumia mgonjwa.

Nne, mkiwa na shaka yenye msingi, ulizeni tabibu wa pili, kisha mwendee mkuu wa hospitali, kisha baraza linalosimamia kazi za matabibu, kisha polisi. Na mfanye hivyo kabla ya maziko. Kuharakisha maziko ni sunna, lakini kuichunguza roho iliyodhulumiwa ni wajibu. Wanachuoni wengi wa zama hizi wameruhusu maiti ipasuliwe kwa haja ya kuthibitisha haki, kwa heshima na kwa kadiri ya haja hiyo tu, kwani Mtume (s.a.w.) amelifananisha kosa la kuvunja mfupa wa maiti na la kuuvunja mfupa wa aliye hai.

Nanyi wanafunzi wetu mtakaokuwa matabibu, wauguzi na wauza dawa, neno letu la mwisho ni lenu. Wengi wenu hamtajaribiwa kwa fitina ya kuua. Mtajaribiwa kwa fitina ya kutia sahihi msichokiona. Mtaambiwa: Weka jina lako hapa, mkubwa ameshaangalia. Hapo wakumbukeni matabibu waliotia sahihi ya pili, na wakumbukeni wauguzi wa mwaka 1991 waliosema, hata kama hawakusikilizwa. Uingereza haikuwafanya matabibu maalumu wa kuvikagua vyeti vya vifo kuwa lazima ya sheria ila Septemba 2024, zaidi ya miaka ishirini baada ya hukumu ya Hyde. Sheria hutambaa, na dhamiri yatakiwa itangulie. Nanyi mna mlinzi asiyelala wala asiyehongwa, anayejua khiyana ya macho na yanayofichwa na vifua.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, sote tutalala juu ya kitanda hicho. Siku hiyo hatutakuwa na nguvu ya kuuliza wala ya kukataa. Kitakachotulinda ni uaminifu wa watu tuliowalea leo. Basi mtoto anayetumwa dukani akarudisha chenji kamili, msimpite bila ya kumsifu, kwani huenda yeye ndiye atakayeishika sindano kesho.

Ewe Mola wetu, wape shifaa wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, waongoze matabibu wetu katika ujuzi na uaminifu, warehemu waliodhulumiwa wakiwa dhaifu, na utujaalie mwisho mwema, ndimi zetu zikiwa zimelowa kwa shahada. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.